Fowadi Saba, Beki Mmoja: Mjadala wa Benchi la Raga

Timu ya raga ya kimataifa hutangaza majina 23: 15 wa kuanza na 8 wa akiba. Kwa miaka mingi makocha waliwagawa akiba hao fowadi watano na mabeki watatu, na mashabiki hawakuona la kujadili hapo. Afrika Kusini ndiyo iliyolifanya liwe jambo la kujadiliwa. Katika Kombe la Dunia la 2019 kule Japani, kocha wao Rassie Erasmus aliweka fowadi sita na mabeki wawili, akiba hao wakapewa jina la Bomb Squad, na kombe likaenda Afrika Kusini. Tarehe 25 Agosti 2023, pale Twickenham, beki Willie le Roux alijitoa kabla ya mechi dhidi ya New Zealand, na nafasi yake ikapewa fowadi mwingine. Saba kwa mmoja. Afrika Kusini ilishinda 35–7, na All Blacks, yaani New Zealand, hawakuwa wamewahi kupigwa kwa tofauti kubwa hivyo. Walikuja kupigwa vibaya zaidi Septemba 2025, 43–10, nyumbani kwao Wellington, na aliyewapiga ni yuleyule.

Wakati makocha wakipanga benchi zao, maelfu ya mashabiki hupanga za kwao kwenye simu. Mchezo wa fantasi ni rahisi kuueleza: unapewa bajeti, unanunua wachezaji halisi, na kila wanachofanya uwanjani Jumamosi kinageuka alama zako. Katika fantasi ya Six Nations, mashindano ya Ufaransa, Ireland, Uingereza, Wales, Uskoti na Italia, nahodha unayemteua hupata alama mara mbili. Yupo pia akiba mmoja wa kuteuliwa, ambaye akiingia kutoka benchi alama zake huzidishwa mara tatu.

Swali langu ni hili: kuendesha timu ya namna hiyo kunamfundisha mtu raga, au kunamzoesha kuitazama vibaya? Nimewaalika watu watatu ambao tunashiriki nao ligi ndogo tunayojihesabia alama wenyewe. Mzee alicheza propu, nambari tatu, katika klabu moja ya Nairobi, na masikio yake bado yanasimulia. Meneja ni binti mhasibu, ndiye anayeongoza ligi yetu. Mwalimu anafundisha raga katika shule ya upili ya wasichana. Maneno yao nimeyapanga, kwa kuwa walipokuwa wakizungumza walikatizana sana.

MZEE: Mimi nina swali moja tu. Tarehe 21 Oktoba 2023, Paris, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kipindi cha pili Uingereza inaongoza 15–6, na mvua imeulowesha mpira. Mwisho wake Afrika Kusini inashinda 16–15. Nani alishinda mechi ile?

MENEJA: Handré Pollard. RG Snyman alifunga trai dakika ya 69, Pollard akapachika mkwaju wa ziada, kisha dakika za mwisho kabisa akapiga penalti kutoka karibu mita 50. Alama za ushindi ni zake, Mzee. Hilo halina ubishi.

MZEE: Lina ubishi, binti yangu, na nitakuonyesha. Penalti ile ya mwisho ilitoka wapi? Kwenye skramu. Lainiauti iliyozaa trai ya Snyman ilitoka wapi? Kwenye skramu. Nani alikuwa akisukuma? Ox Nché, nambari moja, aliyeingia kipindi cha pili. Ngoja nikuingize ndani ya skramu, maana kamera haiingii. Nambari tatu anaingiza kichwa katikati ya vichwa viwili vya wapinzani. Kulia kwake yupo propu wao, kushoto kwake huka wao, wote wawili wanambana. Nambari moja yeye ana bega moja lililo wazi, na hilo ndilo linalomwezesha kupanda au kushuka. Nché ni mfupi kwa propu wa kimataifa, na mgongo wake unanyooka kama meza. Anaingia chini ya kifua cha Kyle Sinckler, nambari tatu wa Uingereza, anasubiri mpira uingie, kisha anasogeza miguu hatua fupifupi, sentimita kwa sentimita. Sinckler akishainuliwa kiunoni, miguu yake haina tena cha kukanyaga. Anatafuta pa kutokea, anapinda ndani, skramu inaporomoka, refa Ben O'Keeffe anapuliza filimbi na mkono unaelekea upande wa kijani. Sasa nipe jedwali lako. Nché alipata alama ngapi?

MENEJA: Chache sana.

MZEE: Basi jedwali lako halikuitazama mechi niliyoitazama mimi.

MENEJA: Jedwali halikuitazama, nakubali. Ila mimi niliitazama, na aliyenifunza kuitazama ni hilohilo jedwali unalolilaumu. Nikwambie ukweli, Mzee wangu: kabla sijaanza fantasi, karatasi ya timu niliisoma kuanzia nambari 10 hadi 15. Nambari 16 hadi 23 kwangu yalikuwa majina ya watu wa kubeba maji. Leo timu zikitangazwa, naanzia chini. Natafuta nani yuko benchi, atamrithi nani, ataingia dakika ya ngapi. Timu ikitangaza saba kwa mmoja, nayajua mambo mawili kabla mpira haujapigwa. La kwanza, mabeki wake wa kuanza watacheza dakika zote 80 wasipoumia, kwa hiyo hao ndio wa kununua. La pili, safu yake ya mbele itatoka mapema kipindi cha pili, kwa hiyo propu wa kuanza si mali yangu hata akiwa bora duniani. Hayo ni mahesabu ya kocha. Nani mwingine angenifundisha?

MWALIMU: Na tusisahau tumetoka wapi. Hapa kwetu raga tuliyoipenda ni ya wachezaji saba. Aprili 2016, Singapore, Kenya ilipoipiga Fiji 30–7 katika fainali, nchi nzima ilijua majina ya wakimbiaji. Skramu ya watu watatu huisha kabla hujavuta pumzi. Wasichana wangu wanapoanza raga ya watu 15 wote wanataka kuwa winga. Nikimwambia mmoja acheze huka, anadhani nimemwadhibu.

MZEE: Na ndiyo sababu Novemba 2018 kule Marseille, kwenye mchujo wa mwisho wa kufuzu Kombe la Dunia, Kanada ilitufunga 65–19. Mbio tulikuwa nazo. Ukishindwa pale mbele, mwenye mbio anakimbia kurudi nyuma.

Hapa niingilie kidogo, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye Mzee hakumtaja na ambaye historia yake inabeba mjadala huu vizuri kuliko takwimu zozote. Ni Dan Cole, aliyekuwa propu wa Uingereza. Katika fainali ya 2019 kule Yokohama alianzia benchi. Dakika ya 3 Sinckler aliumia, Cole akaingia, na kwa kuwa hapakuwa na nambari tatu mwingine, alikaa humo hadi mwisho. Mbele yake alikuwa Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, ambaye siku hiyo alimsukuma hadi skramu ya Uingereza ikavunjika. Afrika Kusini ilishinda 32–12. Miaka minne baadaye, katika nusu fainali ileile anayoisimulia Mzee, Cole alianza mechi akiwa na umri wa miaka 36, na skramu ya Uingereza ilisimama. Ilianza kuyumba baada ya yeye na Joe Marler kupumzishwa na akina Sinckler na Ellis Genge kuingia. Aliyezama 2019 kwa kukosa mtu wa kumpokea, 2023 alipokewa, na tatizo likaanzia hapo. Nani ataingia lini ni uamuzi mzito sawasawa na nani ataanza, na mimi sioni mahali ambapo shabiki wa kawaida angejifunza kuuwaza uamuzi huo isipokuwa kwa kulazimishwa kuufanya mwenyewe. Katika hili nipo upande wa Meneja.

MENEJA: Nikiungwa mkono niendelee. Usajili mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona haukufanywa kwenye simu. Ulifanywa na Afrika Kusini, Septemba 2023, katikati ya Kombe la Dunia. Malcolm Marx aliumia goti mazoezini. Marx ni huka, tena miongoni mwa mahuka bora wa zama hizi. Kanuni zinaruhusu kuita mtu mwingine. Wewe Mzee ungemwita nani?

MZEE: Huka. Kuna swali hapo?

MENEJA: Wao walimwita Pollard, mpiga mikwaju.

MZEE: Nakumbuka. Nilikasirika.

MENEJA: Walikuwa wamebaki na huka mmoja wa kweli, Bongi Mbonambi, na Deon Fourie, mwenye umri wa miaka 36, ambaye kwa wakati ule alikuwa anacheza flanka. Wakasema watahatarisha hapo. Kwa nini? Siku chache baadaye tukaona. Tarehe 23 Septemba, dhidi ya Ireland, kabla Pollard hajaanza kutumika, Manie Libbok na Faf de Klerk walikosa mikwaju yenye thamani ya alama 11. Wakafungwa 13–8. Benchi lilikuwa saba kwa mmoja siku ile pia, na fowadi wote wale hawakuweza kuziba pengo la mtu mmoja wa kupiga mpira katikati ya nguzo. Baadaye Pollard akaja. Nusu fainali akaingia kumpokea Libbok dakika ya 31, kabla hata ya mapumziko. Fainali, 12–11 dhidi ya New Zealand, alama zote 12 ni zake, penalti nne.

MZEE: Sasa maliza hadithi yote, usiikatie panapokupendeza. Fainali hiyohiyo, dakika ya 3 tu, nani aliumia?

MENEJA: Mbonambi.

MZEE: Mbonambi! Huka wao wa pekee. Akaingia Fourie, akacheza karibu mechi nzima katika nafasi isiyokuwa yake tena. Mpira wa lainiauti ukawa wa kubahatisha. Unajua kurusha lainiauti ni nini? Unasimama peke yako pembeni, watu 80,000 wanapiga kelele, mwenzako anainuliwa hewani na kukaa huko kitambo kidogo tu, na mpira unatakiwa umfikie akiwa juu kabisa, siyo akipanda, siyo akishuka. Fourie alifanya alivyoweza, na nampa heshima zote. Lakini New Zealand, wakiwa 14 baada ya Sam Cane kupewa kadi nyekundu, nusura washinde. Richie Mo'unga alikosa mkwaju wa ziada, Jordie Barrett akakosa penalti ndefu dakika za mwisho. Mmoja wao angepachika, leo ungekuwa unanisimulia jinsi walivyokosea kumwacha huka.

MENEJA: Labda. Lakini kocha hapangi kwa yale yaliyotokea. Anapanga kwa yale yanayoweza kutokea, na anachagua hatari moja ili kuikwepa nyingine. Na mimi kila Ijumaa nafanya hivyohivyo, bajeti yangu ikiwa imebaki ya mtu mmoja.

MZEE: Wewe ukikosea unapoteza alama. Fourie angekosea, angebeba jambo lile hadi kaburini. Usiziweke kwenye mizani moja.

Mzee ana haki hapo, na Meneja alinyamaza kidogo kabla ya Mwalimu kulichukua jambo hilohilo na kulipeleka mahali pengine.

MWALIMU: Hicho ndicho kinachonisumbua mimi. Tarehe 8 Machi 2025, Dublin, Ireland dhidi ya Ufaransa. Ufaransa nao walikuwa wamewaiga Afrika Kusini, benchi saba kwa mmoja, beki wa pekee akiwa Maxime Lucu. Kipindi cha kwanza Antoine Dupont akaumia goti. Huyu ni mchezaji aliyetuzwa kuwa bora duniani, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya raga ya wachezaji saba Paris 2024. Msimu wake uliishia pale. Lucu akaingia. Pierre-Louis Barassi naye akatoka, na kwa kuwa mabeki walikuwa wamekwisha, Oscar Jégou, ambaye ni flanka, akaenda kucheza katikati ya mabeki. Ufaransa ikashinda 42–27 na kuchukua ubingwa wiki iliyofuata. Sasa, nilikuwa natazama mechi ile na watu. Dupont alipokuwa amelala chini, mtu mmoja nyuma yangu alilia kwa sauti: "Nahodha wangu!" Alikuwa amemweka nahodha kwenye fantasi. Hakusema "goti lake". Nilijisikia vibaya jioni nzima.

MENEJA: Mwalimu, hata shabiki asiye na fantasi hupiga kelele nyota wake akiumia, kwa ajili ya timu yake.

MWALIMU: Kwa ajili ya timu, ndiyo. Timu ina watu, ina mji, ina watoto wanaovaa jezi. Yule alikuwa analilia hesabu yake. Na mwingine pembeni alifurahi kimya kimya kwa sababu hakuwa na Dupont. Niliona uso wake. Mimi nafundisha wasichana wa miaka 16 kwamba mwenzao akiguswa kichwani mchezo unasimama, haijalishi nani anaongoza. Siwezi kuwafundisha hivyo mchana kisha usiku nihesabu mtu kama bidhaa iliyovunjika.

MZEE: Na hao fowadi saba wa akiba, wewe huoni hatari yake? Wapo wanaotaka benchi lipunguzwe. Wanasema mtu aliyekimbia dakika 55 anakutana na jitu la kilo 120 lililotoka tu kuvua sweta.

MWALIMU: Naiona. Wewe uliyecheza pale mbele unasemaje?

MZEE: Nasema nusu ni kweli na nusu ni kinyume. Kwenye uwanja wazi, ndiyo, mtu mzito mwenye pumzi anamwumiza mchovu. Lakini ndani ya skramu hatari kubwa ni shingo iliyochoka. Zamani tulikaa dakika 80. Dakika ya 70 husikii tena mabega, unaingia kichwa kikiwa kimelala. Heri propu atoke akiwa bado anajua anachofanya. Kanuni yenyewe inadai benchi liwe na safu kamili ya mbele, propu wawili na huka, kwa sababu hiyo. Wanaotaka kupunguza benchi wapunguze wengine, hao watatu wasiwaguse.

Hilo la Mzee lilitufanya sote tukae tukilitafakari. Watu wengi wanaoandika kuhusu benchi wanahesabu kilo. Wachache wameuliza shingo.

MENEJA: Turudi kwenye raga yenyewe, kwa sababu nataka kuonyesha kwamba jedwali halimdharau fowadi moja kwa moja. Katika Six Nations trai ya fowadi inalipwa alama nyingi kuliko ya beki: 15 kwa 10. Kukaba kunalipwa. Pieter-Steph du Toit alikaba mara 28 katika fainali ya 2023. Mtu kama huyo kwenye fantasi ni hazina. Na mtu anayejua kusoma hawafuati nyota pekee. Louis Bielle-Biarrey alifunga trai 8 katika Six Nations ya 2025, akafikia rekodi ya Cyril Lowe ya 1914 na Ian Smith ya 1925. Ila kila mtu alikuwa naye. Mchezaji aliye katika kila timu anakulinda usishuke, hakupandishi. Mimi nilipanda kwa Dan Sheehan. Raundi ya kwanza, Dublin, Ireland dhidi ya Uingereza: Sheehan alikuwa anarudi kutoka jeraha refu, nikajua atawekwa benchi, na nikajua Ireland wakipata lainiauti karibu na mstari kipindi cha pili, huka ndiye anayeumiliki mpira. Nikamweka kwenye nafasi ya mara tatu. Akaingia, akafunga.

MZEE: Na hapo, binti yangu, umenipa kisu chenyewe. Chukua trai ya huka kutoka kwenye moli. Hebu nieleze inafungwaje.

MENEJA: Huka anarusha lainiauti, anakuja nyuma ya kundi, anapewa mpira, kundi linasukuma, anaanguka nao ng'ambo ya mstari.

MZEE: Kundi linasukuma. Kundi ni nani? Aliyeudaka mpira hewani na kushuka akiwageuzia mgongo maadui. Wawili waliomwinua, ambao mara tu anapogusa ardhi wanageuka kuwa ukuta. Loku wa pili anayeingia katikati na kufunga mikono. Nambari nane anayeelekeza kushoto au kulia. Watu saba wanatembea kwa hatua moja, uso kwenye makalio ya mwenzao, hakuna anayeona mstari uko wapi. Huka amekaa mwisho kabisa, amekumbatia mpira, macho yake ndiyo pekee yaliyo wazi. Anapata 15. Wale saba wanapata nini?

MENEJA: Sifuri. Kwa trai kama hiyo, sifuri.

MZEE: Mtoto anayejifunza raga kwa jedwali hilo atajifunza kukaa mwisho wa moli. Hatajifunza kuingia.

Hapa mimi nilibadilika, na nasema waziwazi kwamba nipo na Mzee. Fantasi inamfunza mtu kuijua karatasi ya timu, na hilo si dogo. Lakini inalipa kilichoonekana mwisho wa tendo. Ushindi katika raga ya kimataifa ya miaka hii hupatikana au hupotea kabla ya hapo. Tarehe 15 Oktoba 2023, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, Damian Willemse wa Afrika Kusini aliudaka mpira ndani ya mita 22 zake mwenyewe na kupewa mkwaju huru. Mtu yeyote angepiga mpira nje na kushusha pumzi. Yeye akaomba skramu. Ilikuwa kama kuwaambia Ufaransa: tunawajua mlipo dhaifu, hata tukiwa mlangoni kwetu. Mechi iliisha 29–28, na pengo hilo la alama moja lina pia mkimbio wa Cheslin Kolbe, aliyeuzuia kwa mikono mkwaju wa ziada wa Thomas Ramos. Hakuna jedwali ninalolijua lililomlipa Willemse kwa kuchagua, wala Kolbe kwa kuzuia alama mbili. Kuanzia Julai 2024 World Rugby iliondoa ruhusa ya kuchagua skramu kutoka mkwaju huru. Walioandika kanuni waliuona uzito wa kile ambacho fantasi haikukiona.

MENEJA: Lakini Sacha Feinberg-Mngomezulu alilipwa. Septemba 2025, Durban, dhidi ya Argentina: trai 3, mikwaju ya ziada 8, penalti 2, jumla alama 37, rekodi ya Afrika Kusini kwa mchezaji mmoja katika mechi moja ya kimataifa. Aliyemweka nahodha alifurahi mwezi mzima, na hakukosea kufurahi. Kijana yule alicheza raga nzuri kupindukia. Msiniambie kilichoonekana hakina thamani kwa sababu kuna kisichoonekana.

MZEE: Sijasema hivyo. Nasema walipe wote.

MENEJA: Sawa. Ligi ni yetu, jedwali ni letu. Sema unachotaka, niandike.

MZEE: Moja: trai ya moli igawanywe kwa fowadi wote wanane.

MENEJA: Kumi na tano haigawanyiki kwa wanane. Tuifanye 16, kila mmoja 2. Huka aongezewe 3 kwa kurusha vizuri.

MZEE: Aongezewe 2. Mbili: skramu ikileta penalti, propu wawili na huka walipwe 4 kila mmoja, na waliopigwa filimbi wakatwe 4.

MENEJA: Na waliosukuma nyuma yao?

MZEE: Loku wawili, 2 kila mmoja. Nambari tatu hasukumi peke yake, anayesema anasukuma peke yake hajawahi kuingia.

MWALIMU: Na mimi nina langu. Mchezaji akitolewa kwa jeraha, meneja wake abaki na alama alizokwisha pata, na akiba wake ahesabiwe kuanzia dakika hiyo. Mtu asiwe na sababu ya kumlaani aliyelala chini, wala ya kumfurahia.

MENEJA: Hiyo itavunja mkakati mzima, Mwalimu. Hatari ya jeraha ni sehemu ya uamuzi. Ndiyo maana tumezungumza nusu saa kuhusu Marx na Mbonambi.

MWALIMU: Kocha anaibeba hatari hiyo kwa sababu ana mtu wa kumtunza baadaye. Wewe huna.

Wawili hao hawakuelewana juu ya kanuni ya jeraha, na hadi naandika haijaingia kwenye jedwali. Za Mzee ziliingia jioni ileile. Tatizo likawa nani atahesabu, kwa kuwa hakuna anayetuuzia takwimu za nani alisukuma wapi.

MZEE: Nitahesabu mimi. Nipeni mechi iliyorekodiwa na daftari.

MENEJA: Na skramu ikiporomoka bila kujulikana aliyekosea, refa akabahatisha tu?

MZEE: Tutafuata filimbi. Mimi nimekatwa penalti nyingi ambazo hazikuwa zangu, na zilihesabiwa zote.